Hoteli imeniomba sato wa kuliwa mbichi: tuzungumze kuhusu minyoo ya samaki wa bwawani

#1 Mfugaji wa Mvomero

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili linawagusa wafugaji na walaji pia.

Wiki tatu zilizopita mpishi wa hoteli moja alinipigia simu. Alitaka sato kilo 20 kila Ijumaa, wa gramu 400 kwenda juu, waliotoka majini alfajiri hiyohiyo. Bei aliyotaja sijawahi kuipata pale bwawani. Mwisho wa maongezi akasema wageni wake watawala wabichi, wamekatwa vipande vyembamba na kukamuliwa ndimu, hivyo nimwandikie karatasi kuthibitisha kwamba samaki wangu hawana minyoo. Kwake lilikuwa jambo dogo: "Wako ni wa kufugwa, wanakula chakula cha punje, minyoo wataipata wapi?"

Nilimwambia nitamrudia. Usiku ule usingizi ulinipaa, kwa sababu najua nilichokiona.

Mwezi Februari, tukivua bwawa la tatu, mke wangu alikuwa anapaa samaki wa kula nyumbani, akaniita. Kwenye matamvua na kwenye mnofu wa karibu na kichwa kulikuwa na vijivimbe vya njano kama punje za mtama. Alipotoboa kimoja kwa ncha ya kisu akatoka mnyoo bapa, anajikunja na kujikunjua. Katika ndoo ile ya sato 40 tuliwatenga tisa. Niliwapeleka kwa mtaalamu mmoja Morogoro mjini, akaweka mnyoo chini ya hadubini na kunitajia jina: Clinostomum. Wafugaji wengi humu mmeshamwona, ila tunanyamaza ili mteja asikimbie.

Nieleze safari yake kama nilivyofundishwa, maana bila kuijua hujui pa kuikata. Mnyoo mzima hakai kwa samaki. Anakaa mdomoni na kooni mwa ndege wala samaki, kulasitara, mnandi na jamaa zao. Ndege akitumbukiza mdomo kuvua, mayai yanaingia majini. Yai linaanguliwa, na kiluwiluwi kinaogelea kumtafuta konokono. Asipopatikana konokono haraka, kinakufa. Kikimpata kinaingia ndani na kuzaana humo, kimoja kinazaa mamia. Hao mamia wanatoka kwa konokono, wanamtafuta samaki, wanapenya ngozi yake na kujifungia kwenye kifuko ndani ya mwili. Hapo wanasubiri samaki aliwe na ndege.

Sasa rudini kwenye maneno ya yule mpishi. Minyoo hii haipiti kwenye chakula cha samaki. Inapita ngozini, kutoka kwenye maji. Unaweza kumlisha sato wako punje za bei ghali kuliko zote nchini, na konokono mmoja pembeni mwa bwawa akakuharibia.

Jambo la pili lililonifungua macho ni kwamba samaki hamwambukizi samaki mwenzake. Ukitia sato wenye minyoo kwenye bwawa lisilo na konokono, wale wazima wanabaki wazima.

Kwa binadamu, Clinostomum ameripotiwa mara chache, hasa Japani na Korea, kwa waliokula samaki wa maji baridi wabichi. Anang'ang'ania kooni, koo linawasha na kuvimba, daktari anamtoa kwa koleo. Si ugonjwa wa kuua. Lakini mtaalamu aliniambia kitu kimoja kilichonizuia kabisa kuandika ile karatasi: huyu wa njano unamwona kwa macho. Iko minyoo bapa mingine ya samaki wa maji baridi ambayo kifuko chake hakifiki hata robo ya milimita. Unampasua samaki, mnofu mweupe safi, na imo.

Naomba michango. Nani amewahi kulisafisha bwawa lake likasafika kweli?

#2 Kambale Dume

Mkuu, asante kwa kusema wazi. Nina maswali mawili. Nimezoea kusikia kwamba ndimu inaivisha samaki, nyama inageuka nyeupe kabisa. Kwa nini isiue mnyoo? La pili, huku kwetu nani anakula samaki mbichi? Sisi tunakaanga mpaka mifupa inatafunika.

#3 Nesi wa Zamu

Kaka Kambale Dume, ndimu inabadilisha rangi na ugumu wa nyama, basi. Mnyoo yuko ndani ya kifuko chenye ukuta. Ile minyoo bapa midogo anayoigusia mwenye uzi, mfano minyoo ya ini, inapita salama kwenye tumbo la binadamu, ambalo asidi yake ni kali kuliko ndimu, kisha ndiyo inatoka kwenye kifuko ikishafika utumbo mdogo. Kama tumbo haliwezi kuiua, ndimu ya dakika kumi itaiweza vipi? Siki, pilipili na pombe kali ni hivyohivyo.

Msione ni habari za koo kuwasha tu. Kaskazini mashariki mwa Thailand, hasa Khon Kaen, wana chakula kinaitwa koi pla, samaki wadogo wa maji baridi waliokatwakatwa wabichi na kuchanganywa na ndimu na pilipili. Humo kuna mnyoo wa ini anayeitwa Opisthorchis viverrini. Anaishi miaka mingi kwenye mirija ya nyongo, na mwisho wake kwa baadhi ya watu ni saratani ya mirija hiyo. Khon Kaen ni miongoni mwa sehemu zenye saratani hiyo nyingi kuliko kwingine kote duniani. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilimweka mnyoo huyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994, na mwaka 2009 likamwongeza ndugu yake wa China, Korea na Vietnam, Clonorchis sinensis. Makadirio ya mwaka 2005 yalionyesha watu wapatao milioni 56 duniani wana minyoo bapa itokanayo na chakula, yaani samaki, kaa na mboga za majini.

Na Afrika tumo. Mwaka 2009 madaktari waliandika habari za watalii wa Kiingereza waliopata mnyoo mwingine, Gnathostoma, baada ya kula samaki wa maji baridi mbichi huko Botswana. Misri wana fesikh, samaki wa kuchachushwa kwa chumvi ambaye hapikwi, na mnyoo mdogo wa utumbo anayeitwa Heterophyes heterophyes anajulikana huko tangu 1851. Aliyemgundua ni Theodor Bilharz, daktari yuleyule aliyegundua mnyoo wa kichocho pale Cairo.

Sasa swali lako la pili, nani anakula mbichi. Nenda baa yoyote Jumamosi jioni uagize sato wa kuchoma. Nje ameungua. Fungua pale karibu na uti wa mgongo, mara ngapi umekuta nyama bado ina utelezi na rangi ya waridi? Huyo hajaiva. Katikati ya mnofu kunatakiwa kufike angalau nyuzi joto 60 kwa dakika nzima. Kama huna kipimajoto, angalia nyama iachane na mfupa yenyewe na iwe nyeupe mpaka ndani. Na ubao uliopaliwa samaki usikatiwe kachumbari kabla haujaoshwa kwa sabuni.

#4 Jirani wa Butere

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Niko magharibi mwa Kenya, na huu uzi umenigusa. Huku serikali ilianzisha mpango wa mabwawa mwaka 2009, mabwawa 200 katika kila eneo bunge kwa maeneo bunge 140, kila bwawa mita 300 za mraba. Baba yangu alipata moja. Vifaranga walikuja, chakula kikaja, halafu msaada ulipoisha wengi wakaacha. Bwawa lililoachwa linaota majani ndani na nyasi pembeni, konokono wanajaa, na ndege wanalijua kabla yako.

Nililifufua la baba. Kosa langu la kwanza nilidhani ni kujaza maji tu na kutia samaki. Baada ya miezi sita samaki wana njano tele, na mdogo wangu aliyekuwa akiingia kuvuta wavu akaanza kukojoa damu. Hospitalini wakasema kichocho. Konokono wa jamii ya Bulinus ndiye anayebeba kichocho cha mkojo, na ndiye pia mmoja wa wanaombeba huyu mnyoo wa njano. Tangu siku ile sikuhesabu tena konokono kama shida ya samaki. Ni shida ya nyumba yangu.

Nilichofanya: nilichonga kingo ziwe wima zaidi, maji pembeni yakafika magotini badala ya kifundo cha mguu, maana kulasitara anataka mahali pa kusimama. Nilifyeka nyasi hatua mbili kuzunguka bwawa. Nikatandaza wavu juu, wa macho makubwa, uliokazwa vizuri ili ndege asinase. Ndege hatuwaui, wengine wanalindwa na sheria na wala hawana kosa.

#5 Mfugaji wa Mvomero

Jirani, pole sana kwa mdogo wako. Natumaini alipata dawa. Wavu uligharimu kiasi gani ukilinganisha na mavuno?

#6 Jirani wa Butere

Alipewa prazikwanteli, yuko sawa sasa. Wavu ulikula faida ya mavuno ya kwanza. Ya pili ilirudi, kwa sababu hata samaki walioliwa na ndege walipungua. Ningekuwa na pesa kidogo ningeanza na kitalu cha vifaranga peke yake, bwawa kubwa lisubiri.

#7 Aliyerudi Toka Hanoi

Jirani amegusa penyewe, naomba nipaongezee. Nilikaa Vietnam miaka miwili nikisomea ufugaji wa samaki. Wakulima wa kaskazini wana mfumo wao wa siku nyingi, VAC, bustani, bwawa na zizi kwa pamoja. Kinyesi cha nguruwe na kuku kinaingia bwawani, maji ya bwawa yanakwenda bustanini. Ni mfumo wenye akili sana. Lakini sehemu kama Nam Dinh wanapenda gỏi cá, samaki mbichi na majani ya viungo, na kwa muda mrefu walijaribu kuondoa minyoo kwa kuwanywesha watu dawa. Watu wanapona, mwaka ukizunguka wameambukizwa tena. Mbwa na paka hawakunywa dawa, nao wanakula matumbo ya samaki, wanajisaidia pembeni mwa bwawa, mvua inasomba mayai mpaka majini.

Watafiti wa Vietnam na wa Denmark walipochunguza wakakuta samaki wanaambukizwa wakiwa vifaranga, kwenye vituo vya kuzalishia, kabla hata mfugaji hajawanunua. Kifaranga ana ngozi laini, na kitalu chake ni kidimbwi kifupi chenye rutuba nyingi, yaani nyumba ya konokono. Mfugaji anapokea mfuko wa oksijeni akidhani amenunua vifaranga, kumbe amenunua na minyoo. Walibadilisha vitalu: wakakausha, wakaondoa tabaka la matope, wakaondoa majani, wakajenga kingo ili maji ya mvua kutoka zizini yasitiririkie ndani, wakawanywesha dawa watu, mbwa na paka, na kuwazuia wanyama hao wasilishwe samaki mbichi. Vifaranga waliotoka humo walikuwa na maambukizi kidogo sana kuliko wa vitalu vya jirani.

Na jambo la kufikiria, wakuu. Mnyoo mkuu wa vitalu vile ni Haplorchis pumilio, na konokono wake ni Melanoides tuberculata, yule mrefu aliyechongoka kama kipembe. Konokono huyo yupo Afrika Mashariki tangu zamani, chota matope ziwani utamwona. Anaishi kwenye tope, kwa hiyo kuokota konokono wa kwenye majani pekee hakumgusi. Mnyoo wenyewe umekwisha onekana Misri. Sisemi yuko kwenye bwawa lako, nasema nyumba yake iko tayari.

#8 Mama Lishe Msamvu

Wanangu, mimi si msomi, nakaanga samaki. Hao wa njano nimewakuta mara nyingi, nawakwangua nakaanga. Nimekuwa nikikosea? Na matumbo nawapa paka wa pale gengeni.

#9 Nesi wa Zamu

Mama, shikamoo. Hukukosea kwa kukaanga, mafuta yako yanachemka kuliko joto linalotakiwa, alimradi samaki mnene umemchanja pande zote mafuta yaingie. Mnyoo aliyeiva hana madhara. Samaki mwenye vijivimbe vichache unaondoa sehemu hiyo na kupika. Aliyejaa kote mrudishie aliyekuuzia, umwambie sababu, naye ajue bwawa lake linaumwa.

Matumbo ndiyo nakuomba ubadilishe. Yachemshe kwanza ndipo uwape paka, au yafukie chini kabisa.

#10 Kambale Dume

Kuna jamaa kwenye duka la pembejeo amenishauri nimwage mrututu bwawani kuua konokono, samaki wakiwemo. Wengine wanasema niklosamaidi. Na je, kamongo? Babu yangu alikuwa akisema kamongo anatafuna konokono kama karanga.

#11 Mfugaji wa Mvomero

Kaka, usimwage. Niklosamaidi inaua konokono kweli, na samaki inaua vilevile, tena haraka. Mrututu nao ni sumu kwa samaki, na ukizidisha unabaki kwenye tope. Kama ni lazima, inatumika kwenye bwawa tupu kabla ya kujaza, chini ya usimamizi wa afisa uvuvi, na maji yake yasielekee mtoni.

Babu alisema kweli, kamongo anakula konokono. Lakini atakula na sato wako. Huko Kenya na Cameroon walijaribu samaki mwingine wa jamii ya furu, Astatoreochromis alluaudi, mwenye meno ya koo ya kupasulia magamba. Tatizo lake, akikulia mahali penye chakula laini meno yale hayakui yakawa na nguvu, naye anawaacha konokono. Kwenye bwawa tunalomwaga pumba kila siku, sina imani naye.

Chokaa ndiyo niliyoiamini, nami nimeitumia. Baada ya kuvua nilifungulia maji yote, nikaacha jua lipige wiki tatu mpaka udongo ukapasuka. Hapo wengi wanaishia, nami mwaka jana niliishia hapo, na konokono walirudi. Bulinus akikaukiwa anajizika kwenye tope na kulala miezi, ukijaza maji anaamka. Safari hii tulichota tope lote la juu kwa koleo, tukalipeleka shambani kwenye mahindi, mbali na mteremko wa bwawa. Kisha tukanyunyiza chokaa kali, ile isiyozimwa, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba, tukiweka nyingi zaidi kwenye madimbwi yaliyobaki na pale maji yanapoingilia. Vaeni glovu, viatu vya mpira na kitu cha kufunika macho na pua, ile kitu inaunguza. Baada ya wiki mbili ndipo maji, na vifaranga baadaye zaidi.

Maji yanayoingia nayachuja kwa wavu wa matundu madogo, maana mayai ya konokono huja yamegandia kwenye majani. Banda la kuku lililokuwa juu ya bwawa nimelihamisha. Choo chetu kilikuwa upande wa juu wa mteremko, nacho nimekifukia na kuchimba kingine chini. Choo kiligharimu kuliko chokaa yote, na mke wangu ndiye aliyesimamia kwamba lazima.

#12 Kambale Dume

Na yule mpishi je? Si anaweza kuwagandisha kwanza ndipo wageni wale mbichi?

#13 Nesi wa Zamu

Kugandisha kunasaidia kwa minyoo mingi, ila si kwa friza ya nyumbani. Marekani wanataka nyuzi hasi 20 kwa siku 7, au hasi 35 kwa saa 15 samaki akishaganda. Ulaya wanakubali hasi 20 kwa saa 24, lakini kanuni yao yenyewe inasema hiyo ni kwa minyoo isiyokuwa minyoo bapa. Na hapa tunazungumzia minyoo bapa. Ule msamaha unaosikika, kwamba samaki wa kufugwa si lazima wagandishwe, ni wa wale walioanza tangu yai kwenye mazingira yasiyo na minyoo, wakalishwa chakula kisichoweza kuwa nayo. Sato wa bwawa la udongo hawezi kuapiwa hivyo.

#14 Mfugaji wa Mvomero

Nimempigia leo asubuhi. Nilimweleza habari ya konokono na ngozi, akawa hajui kabisa, alidhani chakula ndiyo njia pekee. Nikamwambia siwezi kuandika karatasi, ila nitamuuzia sato wa kuoka na kukaanga kwa bei ya kawaida. Alinyamaza kidogo, akasema atachukua kilo 8 kwa kuanzia, na chakula kile cha ndimu atatumia samaki mwingine aliyegandishwa kiwandani. Kilo 8 si 20. Nimezipokea.

Bwawa la tatu litajazwa mwezi ujao. Muuza vifaranga wangu amekubali nikaone kitalu chake kabla sijalipia, na nitapita pembezoni nikiwa na chujio na ndoo nyeupe kuangalia konokono. Nitapasua vifaranga 30 siku ya kuwapokea na wengine 30 baada ya miezi miwili, niwapeleke wote kwenye hadubini. Majibu nitayaleta humuhumu, yawe mazuri au mabaya. Jirani wa Butere, nitumie ukubwa wa macho ya ule wavu na jinsi ulivyoukaza katikati bila nguzo, hapo ndipo nimekwama.